Risala ya Kamati ya Chakula na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Kinyerezi, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu,
Wazazi, wahitimu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuyaacha majukumu yako mazito ukaja kuketi nasi. Karibu sana Kinyerezi.

Kamati yetu iliundwa na wazazi na walimu ili watoto wapate chakula cha mchana shuleni. Tulianza na sufuria moja ya uji. Leo tunalisha wanafunzi zaidi ya 400 kila siku ya masomo, mafanikio ambayo shule nyingi za jiji hili zinayatamani. Tumepanda mikungu na miarobaini 60 iliyobadili kabisa sura ya uwanja huu, na ofisi ya taaluma inawaka taa za sola.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu sasa tuseme habari ya jiko, kwani ndiyo iliyotukalisha tukaandika risala hii.

Tunapikia kuni. Fuso moja la kuni halimalizi muhula, na muuzaji anasema zamani alizipata Kisarawe, sasa anazifuata hadi Rufiji. Darasani watoto wanafundishwa kuwa kuni ni rasilimali inayojirudia, maana mti hukatwa ukachipua. Ni kweli, lakini mti unataka miaka, na sufuria zetu hazingoji hata wiki. Kwa kasi hii msitu tunauchimba kama madini.

Nayo gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara, lililokamilika mwaka 2015, limekuja hadi hapa hapa Kinyerezi kulisha mitambo ya umeme. Wako wenzetu wa Mikocheni wanaopikia gesi ya bomba majumbani. Sisi majirani wa mitambo tunapuliza kuni. Tunafahamu fika kwamba gesi asilia haijirudii, ikiisha ardhini imeisha. Ndiyo sababu inatuuma mtoto wa Kinyerezi kuhitimu bila kuionja faida yake. Na hatutaichezea: jiko la gesi huzimwa chakula kikiiva, ilhali mafiga yetu yanaendelea kuteketeza kuni hata sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

Serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Agizo hilo tumelipokea kwa mikono miwili. Vifaa vya kulitekelezea bado hatujavipokea.

Wakati wa masika kuni zinalowa, chakula kinatoka saa tisa, na moshi unaingia darasa la Kidato cha Pili hadi mwalimu anafunga madirisha. Wapishi wetu wawili, mama zetu hawa walioketi nyuma, macho yao ni mekundu mwaka mzima.

Utuwie radhi, Mheshimiwa, kwa kulisema hili mbele ya wageni. Mwaka 2021 mgeni rasmi alituahidi majiko ya gesi katika uwanja huu huu, tukashangilia. Walikuja watu wakapima jiko kwa futi, hawakurudi. Mwaka 2023 mgeni mwingine aliahidi mitungi mikubwa minne. Wazazi walichanga, wakajenga kibanda cha mitungi chenye mlango wa nondo. Leo kibanda hicho tunahifadhia kuni. Barua tulizoandika baadaye nakala zake tunazo zote.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba utusaidie tuunganishwe na gesi ya bomba, na kama hilo litachelewa, tupatiwe mitungi, majiko mawili makubwa na mafunzo ya usalama kwa wapishi. Tunaomba pia ahadi utakayoitoa iwe na tarehe, pamoja na jina la mtu tutakayemfuata tarehe hiyo ikipita. Uzio na viti vya maabara tutavileta siku nyingine.

Chakula chako cha mchana kinapikwa jikoni humo sasa hivi. Tunakuomba, kabla ya kukaribishwa mezani, upite ukalione.

Tunaomba kuwasilisha.