Barua ya Wazi kwa Wanangu Mnaosomea Kwenye Simu

Wanangu wapendwa,

Nawasalimu. Nilianza kazi ya ukutubi enzi za droo za kadi. Kitabu kimoja kilikuwa na kadi ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada. Ulipekua kwa kidole, ukanakili namba, ndipo ukaifuata rafu.

Siandiki kuzilaani simu. Asiyeona, ambaye zamani alimngoja mtu wa kumsomea, leo anavaa visikizi na kusomewa na simu. Zama hizo sitaki zirudi.

Linaloniumiza ni hili. Kijana mmoja aliniletea orodha ya vitabu vitano alivyopewa na programu ya akili mnemba: majina, waandishi, miaka, hata namba za ISBN, zile zinazotambulisha kila kitabu kinachochapishwa. Tukaketi pamoja kwenye katalogi. Viwili tukavipata. Vitatu havikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Mwandishi mmoja alikuwa wa kweli, lakini kitabu alichobandikwa hakikuwa chake. Na kijana alikuwa ameshavitaja vyote katika insha ya kukabidhi kesho yake. Hakukusudia kudanganya, aliamini tu, kwa sababu jibu lilikuja likiwa limenyooka.

Wanangu, programu hizi hazina rafu kichwani. Zimelishwa maandishi mengi mno, nazo hupanga maneno kwa kukadiria lipi lafuata lipi. Jina la kitabu linaweza kusikika sawasawa kabisa, na kitabu chenyewe kisiwepo duniani.

Basi jifunzeni kukagua. Tangu 2007 ISBN ina tarakimu 13. Zidisheni ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo kwa kupokezana hadi ya mwisho, kisha jumlisheni. Jumla isipogawanyika kwa 10 bila baki, namba hiyo ina kasoro. Ikigawanyika msishangilie bado, maana hata kubahatisha hupatia; nendeni katalogini, mkione kitabu, mfungue ukurasa mnaoutaja. Ndiyo, inachosha. Hata mimi huchoka, na bado nafanya, kwa sababu atakayesoma kazi yenu ataliegemea neno lenu.

Kijana yule alihangaika sana. Nikamwambia tuanze na viwili vilivyopo. Insha yake ilihusu ndege, nasi tukaenda kwenye rafu yenye namba 598, ya ndege. Mpango huu wa namba ulichapishwa na Melvil Dewey mwaka 1876, na uzuri wake ni ujirani: upande mmoja wa ndege wako samaki na wanyama watambaao, 597, na upande wa pili mamalia, 599. Simu hukupa ulichoomba, au kinachofanana na ulichopenda jana. Rafu hukuwekea jirani ambaye hukumuuliza.

Alivichukua vyake viwili, halafu mkono wake ukasita kwenye kitabu chembamba cha pembeni. Akakifungua akiwa amesimama vile vile. Nilirudi mezani kwangu, na nilipokuja kumwambia tunafunga, alikuwa ameketi sakafuni, simu imelala kifudifudi kando yake, naye hakunisikia mara ya kwanza.

Ni mimi mzee wenu,
Mkutubi