Somo, usiiondoe njia

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mama naye anakusalimia sana.

Ramani ya gemu unalolitengeneza niliipata, nikaichapisha, nikaibandika ukutani juu ya cherehani. Siku ya tatu leo naitazama. Mji wako wa pwani umenipendeza: vichochoro, mabaraza, minazi, na kile kisiwa ng'ambo ya mkondo. Ila umeandika pembeni kwamba mji una kilomita 12 kutoka ncha hadi ncha, na kwamba mchezaji akigusa popote kwenye ramani anafika papo hapo. Hapo ndipo nilipokwama. Nimeona nikuandikie kwa kituo, maana kwa simu tutaishia kuongea mengine.

Unakumbuka The Sims 3, lile gemu la kuongoza maisha ya watu wa kubuni, tuliyokuwa tukicheza hosteli mpaka adhana ya alfajiri? Ile ya 2009 ndiyo iliyoufungua mji mzima. Ulitoka mlangoni, ukamfuata jirani mpaka kazini kwake bila kusubiri nyumba wala mtaa upakie. Ya nne ilipotoka mwaka 2014, ukihama kiwanja kimoja kwenda kingine unasubiri tena. Wewe ulihuzunika kwamba mji umekatwa vipande. Mimi sikuukosa ukubwa wake, nilizikosa zile dakika za njiani: unapita nyumba usiyoijua, unaona taa inawaka, unasimama uchungulie.

Na lile tulicheza peke yetu na kompyuta. Lako ni la mtandaoni, aliyewasha taa ni mtu kweli. Kwa hiyo njia ina uzito maradufu.

Tazama yaliyoikuta Second Life, dunia ya kubuni ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2003. Dunia yake imeshonwa kwa vipande vya mita 256 kwa 256. Miaka ya mwanzo, ukitaka kwenda mbali ulishushwa kwenye kituo kilicho jirani na unakokwenda, halafu ukamalizia safari mwenyewe, kwa miguu au kwa kupaa. Ikawa kama stendi yoyote unayoijua. Maduka yakasongamana kuzunguka vituo, ardhi ya pale ikapanda bei. Watu walilalamika, na walikuwa na haki, kwa sababu pale palijaa mabango na msongamano ukaifanya kompyuta ikwamekwame. Mwaka 2005 vituo vikaondolewa, mtu akaruhusiwa kutua moja kwa moja popote. Walionunua viwanja karibu na vituo wakabaki na ardhi isiyopitwa na mtu.

Naielewa nafuu waliyoipata wachezaji. Hata hivyo naamini kuna kitu kikubwa kiliondoka siku ile. Ukitokea katikati ya duka, ukanunua, ukatoweka, humjui hata muuzaji wa mlango wa pili. Mji unabaki orodha ya mahali.

Waliobaki na njia kule ni mabaharia. Kuna Blake Sea, maji matupu yaliyounganishwa kipande kwa kipande, na watu hutweka matanga wakasafiri kwa saa nzima. Si safari rahisi. Kila wanapovuka mpaka wa kipande, chombo na waliomo wanakabidhiwa kwa programu nyingine inayoendesha eneo linalofuata, na hapo ndipo vyombo hukwama au abiria kutupwa nje. Bado wanasafiri, tena kwa misafara. Nawapenda sana watu wale.

Sasa somo, wewe una mkondo! Mpaka wa seva zako, zile kompyuta zinazoendesha kila eneo la mji, usiukate katikati ya barabara, uweke majini. Mchezaji anayekwenda kisiwani apande feri, kama sisi tunavyovuka Likoni. Feri ikiwa katikati ya maji, upande wa pili unapakiwa kimyakimya, na abiria kwa dakika chache hawana pa kwenda. Wataongea. Mmoja atauliza kapu lile lina nini, mwingine atasema anahamia mtaa wa mwenzake. Kule kusubiri wanakokuchukia wachezaji unakugeuza kuwa baraza.

Bara nako, weka matatu zenye vituo, na mtu ashuke hatua mia mbili kutoka kwake. Zisizidi, tafadhali. Kutembeza watu kilomita nne kwenye nyasi tupu ni kuwachosha bure, na ndiyo maana ningekata ule mji wako ubaki robo. Afadhali vichochoro ishirini vyenye watu.

La mwisho ni hodi. Katika Animal Crossing: New Horizons, gemu la 2020 ambalo kila mchezaji ana kisiwa chake, mwenyeji ndiye anayefungua lango la uwanja wa ndege wa kisiwa chake, na mgeni anapotua kila aliye kisiwani anasimamishwa shughuli zake amwone akiingia. Kisiwa kinabeba wachezaji wanane tu kwa wakati mmoja. Wengi hukereka kukatizwa wakivua samaki. Mimi naona ni adabu nzuri, ila kwako isimzuie mtu, isikike tu: sauti mlangoni, na mwenye nyumba aamue kuitikia karibu au kunyamaza.

Nichoree hiyo feri kwanza, kabla ya msikiti na soko. Na uniambie itabeba watu wangapi, maana nikijua idadi nitaanza kukuandikia maneno ya manahodha na wachuuzi wa gatini.

Wako akupendaye,
Somo yako