Fleti ya vyumba vitatu isiwe nyumba bila ardhi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie matangazo ya fleti za kifamilia ambayo siku hizi yamejaa ukutani, kwenye simu na hata magazetini, hasa yanayohusu majumba mapya ya ghorofa yanayochomoza hapa Mombasa, katika mitaa ya Tudor, Ganjoni, Kizingo na ng'ambo ya daraja huko Nyali. Yote husema mamoja: vyumba vitatu vya kulala, kimoja kikiwa na choo chake ndani, jiko la kisasa, lifti, jenereta, kisima, pahali pa kuegesha gari, na mtaa uliochangamka wenye kila kitu karibu. Sina ugomvi na hayo. Mimi mwenyewe nilivutwa na tangazo la namna hiyo miaka minne iliyopita, nikatoa kiinua mgongo changu cha ukarani, mwanangu akatia akiba yake, tukanunua fleti ghorofa ya sita hapa Tudor. Linalonikera ni kwamba tangazo huhesabu vyumba, ila halisemi hati ya vyumba hivyo imeandikwa jina la nani.

Nianze na uzuri wake, nisije nikadhaniwa ni mzee wa kulalamika tu. Wajukuu wangu huenda shule kwa miguu, msikiti uko hatua chache, na ukisahau kununua nazi mchana utaipata hata saa nne za usiku. Asubuhi mke wangu huteremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, muuza mboga akatia mchicha na bilingani, kisha kikapu kikapanda kikiyumbayumba mbele ya madirisha ya majirani, ambao hawaoni haya kuchungulia na kuuliza bei. Upepo wa kusi ukivuma hatuhitaji feni. Familia ya watu saba inakaa kwa raha, na kelele za mtaani, ambazo mwanangu alizihofia, ndizo zinazomfanya mama mkwe wangu asijihisi mpweke.

Hata hivyo, sisi watu wa Mombasa tuna historia ambayo ingetufanya tuwe waangalifu kuliko wengine. Mzee yeyote aliyekulia mtaa wa Majengo anazijua zile nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma, na anajua pia kwamba nyingi zilikuwa nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, mchanga ulio chini yake ni wa mwingine. Chanzo chake ni cha zamani, kwa kuwa ardhi ya mwambao ilipopimwa na kuhakikiwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, waliopata hati walikuwa wachache, na wengi waliobaki wakawa wajenzi juu ya ardhi ya watu. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Alilipa kodi ya kiwanja kila mwezi na kuhifadhi risiti ndani ya kopo la biskuti, na kopo lile lilipojaa alinunua la pili, lakini hakuna benki iliyokubali kuzitazama risiti zile alipotaka mkopo wa kuongeza vyumba. Alikufa akiwa na nyumba ya vyumba sita na makopo mawili ya risiti.

Nilipohamia ghorofa ya sita nilidhani mambo hayo nimeyaacha chini. Sheria nayo iliniunga mkono, maana sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kazi tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuifuta ile ya 1987, inasema wazi kwamba jengo likishapimwa na plani yake, yaani mchoro unaoonyesha kila fleti, ikasajiliwa, daftari la hati mama, ile ya kiwanja kizima, hufungwa na kila fleti hufunguliwa daftari lake na kupewa hati yake, ambayo mwenyewe anaweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani bila kumwomba aliyejenga ruhusa. Plani hiyo ikisajiliwa, papo hapo huzaliwa shirika la wamiliki, na shirika hilo ndilo lenye wajibu wa kutunza ngazi, paa, lifti, matangi na kila kilicho cha wote, kulikatia jengo bima, na kukusanya mchango kwa kila mmoja kulingana na kiwango cha hisa ya fleti yake kilichoandikwa katika plani.

Kwetu hakuna lililosajiliwa. Tuna makubaliano ya mauzo yenye mihuri mizuri, na hati mama ingali kwa mwenye mradi, ambaye ndiye pia anayepokea ada ya huduma kila mwezi na ambaye hajawahi kutuonyesha hesabu hata ya karatasi moja. Mwaka jana lifti ilikufa. Hatukuwa na mkutano wa kuitisha, wala akaunti ya kuchotea, wala wa kumwamuru fundi, kwa sababu kisheria sisi wenye fleti hatukuwa kitu kimoja. Tulikuwa wateja tuliotawanyika, kila mmoja akipiga simu isiyopokelewa. Kwa wiki tisa mama mkwe wangu, ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi, alikwenda kliniki akiwa amebebwa juu ya kiti cha plastiki na vijana wawili wa mkokoteni, wakipumzika kila ghorofa, naye akiwaombea dua na kuwaonya wasimwangushe. Vijana hao hao ndio waliokuwa wakitupandishia mitungi ya maji ya kunywa.

Maji nayo yanastahili neno, kwa kuwa tangazo likisema kisima msomaji hufikiri tatizo limekwisha. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, bahari hupenya, na maji ya visima vingi ni ya chumvi au yenye chumvi kidogo, yanayofaa kumwagia chooni na kupigia deki. Mabomba yetu ya bafuni yameota ukoko mweupe kama chokaa ya uraibu. Maji matamu hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na hayatoshi mji, kwa hiyo mgao ukikatika jengo zima hungojea boza, yaani lori la maji. Kununua boza la watu wote ni kazi ya shirika la wamiliki lenye akaunti yake. Tusipokuwa nalo, kila mtu anajinunulia mtungi wake na anayeumia ni wa ghorofa ya juu.

Nikiri kosa langu. Dalali aliponiambia kwamba uhamisho wa hati unaweza kungoja, nilifurahi, kwa sababu ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani na mfuko ulikuwa umeshakauka. Naamini wanunuzi wengi hunyamaza kwa sababu hiyo hiyo, na mwenye mradi anajua. Kwa hiyo anayeingia leo kutazama fleti, akishapendezwa na kabati za jikoni, amwulize muuzaji namba ya plani iliyosajiliwa, amtume wakili wake mwenyewe, si wa muuzaji, kuipekua katika ofisi ya ardhi, na atazame kama hati mama iko rehani benki. Kama ardhi ni ya kukodi kutoka serikalini, ahesabu miaka iliyobaki, kwani ikiwa imepungua chini ya 21 sheria hiyo haigusi jengo hilo. Pahali pa gari papo katika hati yake au ni pa wote? Jirani yangu wa ghorofa ya pili aliambiwa kwa mdomo kwamba ni pake, na sasa pamewekwa jenereta.

Nina maombi mawili. Ofisi za serikali ya kaunti zinazoidhinisha michoro ya majengo haya ziwadai wenye miradi, kabla ya kibali cha watu kuingia, ushahidi kwamba plani ya umiliki imekwisha kupelekwa kusajiliwa. Na wewe, Bwana Mhariri, pamoja na wenzako wa magazeti mengine, msipokee tangazo la kuuza fleti lisilotaja namba ya plani hiyo. Nafasi ya namba moja haizidi nafasi ya neno jenereta.

Sisi wa jengo letu tumekubaliana kukutana Jumamosi ijayo baada ya Alasiri, juu ya dari, kila mmoja aje na nakala ya makubaliano yake na mchango wa kumlipa mpima ardhi. Mama mkwe wangu amesema atahudhuria. Lifti inafanya kazi kwa sasa, lakini wale vijana wawili nimewaomba wawe karibu.

Mkazi wa ghorofa ya sita,
Tudor, Mombasa