Mwanangu, Pitia Mlango wa Mbele

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Barua hii naiandika usiku, mamako amelala, na nitaipenyeza chini ya mlango wako kabla sijatoka kwenda kuswali alfajiri. Najua tuko nyumba moja, na kati ya chumba changu na chako pana ngazi kumi na nne tu. Lakini maneno haya nimejaribu kukwambia mara tatu tangu uliporudi kutoka Doha ukaanza kazi ya patasi, ya kuchonga milango, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Nimekuona unavyopita mlango wa nyuma. Kila asubuhi unatokea jikoni, unakata kichochoro, unazunguka mpaka barabara ya Ndia Kuu, ilhali karakana ya fundi wako ni hatua chache kutoka baraza letu. Unatukwepa sisi wazee na maswali yetu. Doha unarudi lini? Nyumba ya Bamburi imefika wapi, linta au bado? Na yule aliyekuuliza mbele za watu kama kweli mtu huacha riyal akaja kushika msasa na vijana wa miaka kumi na saba. Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimeshika kikombe changu cha kahawa, nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo linaloniamsha usiku huu.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote katika nyumba hii. Unakumbuka mwaka 2019, ilipotoka amri kwamba makontena yanayoshuka bandari ya Kilindini hapa Mombasa yapandishwe reli moja kwa moja hadi Nairobi? Watu waliandamana mjini, amri ikalegezwa, lakini sisi tuliokuwa tukila kwa kazi ya kutoa mizigo tulikuwa tumeshaumia. Ofisi yetu ilifungwa mwaka ule. Mlijua ilifungwa baadaye sana, kwa sababu miezi saba mizima niliendelea kutoka asubuhi na shati lililopigwa pasi na bahasha ya kaki kwapani. Nilikuwa nakwenda Mama Ngina, pale ufukweni. Nakaa chini ya mbuyu nikitazama meli zikiingia mlangoni mwa bandari, nazihesabu, saa sita nakula muhogo wa kukaanga, saa kumi na moja narudi nyumbani nikilalamika kwamba kazi imenichosha. Ndani ya bahasha hamkuwa na kitu ila gazeti la juzi.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya watu walewale wa barazani. Miaka yangu yote ishirini na sita ya kazi niliifanya kwa sababu yao. Babu yako alitaka mwana mwenye kazi ya kalamu, akampata. Vidonda vya tumbo unavyovijua havikuja na pilipili. Mamako alijua? Mpaka leo sina uhakika. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi, kwa miezi saba, aliendelea kulipiga pasi lile shati, na hakuniuliza hata siku moja mshahara uko wapi.

Kisha ukasafiri wewe. Bangili za mamako zikauzwa kumlipa wakala, na mimi nikapata la kusema tena barazani: mwanangu yuko Doha. Nilitembea kifua mbele. Hesabu sikuipiga. Kule Qatar sheria tangu Machi 2021 inaweka mshahara wa chini kuwa riyal 1000 kwa mwezi, na wako haukuwa mbali na hapo. Humo utoe deni la wakala, utume karo ya dada yako, dawa za bibi, harusi ya binamu, rambirambi za watu usiowajua. Nasi huku tunasema kijana yuko Uarabuni, anachota tu.

Ramadhani ya 2023 ulinipigia simu saa nane za usiku. Ulisema, "Baba, silali." Nikakuuliza tangu lini, ukasema huu usiku wa tisa. Ulisema moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa, chakula kinakuwa mchanga mdomoni, ukisimama pale getini unakolinda, kwa zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, unasikia jina lako likiitwa na hakuna mtu. Nami nikakujibu, "Vumilia, mwanangu. Mbona wenzako wako hapohapo?" Nikakuombea dua, nikakata simu, nikarudi kulala. Nililala, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nakupangia namna ya kukilalia.

Ukavumilia mwaka mwingine.

Uliporudi kabla ya mkataba kwisha, na ukaniambia kwa sauti ndogo ile habari ya juu ya paa la lile jengo na jinsi ulivyosimama ukitazama chini, nilishtuka kwa mambo mawili. La kwanza ni hilo lenyewe. La pili, na naona haya kuliandika, nilijiuliza nani mwingine amelisikia. Zamani neno kama hilo mtu alilificha hata kwa nduguye wa tumbo moja, maana sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mkosaji wa kushtakiwa, mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu hicho Januari 2025. Na sisi tuliokulia mji huu tukimtania mtu tulikuwa tukimwambia atapelekwa Port Reitz, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Ndiyo maana siku ya kwanza tulipokwenda kwa daktari nilikushusha kwenye tuktuk mbali na lango. Nisamehe hilo. Yule daktari, binti mdogo mwenye umri wako, aliniambia kwamba Shirika la Afya Duniani tangu 1948 limeandika katika katiba yake kuwa afya ni ya mwili, ya akili na ya maisha ya mtu na wenzake, na kwamba kukosa maradhi peke yake hakutoshi. Mwaka 1948 mimi sijazaliwa. Nimeisikia nikiwa na mvi.

Jumanne iliyopita nilikuja karakanani kwenu, hukuniona. Nilisimama nje kwenye kivuli. Ulikuwa umekaa juu ya gunia, mfaa wa mlango, ule mti wa katikati, umelala mbele yako, nusu umeshachongwa maua na nusu bado una mistari ya penseli. Unagonga patasi mara mbili, unapuliza vumbi, unapitisha kidole gumba ndani ya ua kulisikia. Ulikuwa umeuma ncha ya ulimi upande mmoja, vilevile ulivyokuwa ukifanya chuoni ulipokuwa ukijifunza kuandika alifu. Fundi alikukaripia kwa kuchimba kina mno, ukatikisa kichwa ukaanza jani jingine. Halafu ukapiga mwayo. Mwayo mrefu, wa mtu mwenye usingizi wake halali. Niliondoka pale machozi yananilenga, kwa mwayo.

Sikwambii kila aendaye Uarabuni huharibikiwa. Wapo waliokwenda wakatulia, wamesomesha ndugu zao, na Mungu awazidishie. Wala sikufichi kwamba pesa zitapungua. Tumeshakaa na mamako tukapiga hesabu: shilingi mia tano kwa siku unazopewa sasa hazijengi Bamburi. Kiwanja kile kikae na nyasi zake. Karo ya dada yako nitaitafuta. Kuna ofisi moja inataka mtu wa kuwajazia fomu za forodha siku tatu kwa wiki, na safari hii nikienda nitakuwa nakwenda kweli. Bangili zisikunyime usingizi. Mamako mwenyewe kaniambia nikwambie kwamba mkono wake ni mwepesi sasa wakati wa kukanda unga.

Na dawa usiache kwa kuwa umeanza kulala. Tarehe ya kliniki nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni, mahali wageni wanaweza kuiona.

Leo jioni niliwajibu wale wenzangu. Niliwaambia kwamba wazee wetu walikwenda Bara Arabu na upepo wa kusi, ukigeuka kuwa kaskazi wakarudi, na sijapata kusikia nahodha akichekwa kwa kurudi na upepo. Nikawaambia kwamba mwanangu alikuwa mgonjwa, amerudi, anatibiwa, na anachonga milango. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya samaki. Mmoja alitazama pembeni. Mwingine, yule mwenye mtoto Dammam, Saudia, alinifuata mpaka mlangoni kwangu akaniuliza daktari huyo anapatikana siku gani.

Usiku huu nimeufunga mlango wa jikoni kwa kufuli, na ufunguo ninao mfukoni. Kesho ukienda kazini utapita mbele. Nitakuwa nimekaa pale upande wa kulia wa baraza, na kahawa yako ya kwanza nimeshailipia.

Babako