Mpwa wangu anasema nimekula gawio, na sasa anataka hisa za mama yake ziuzwe

Ndugu Mshauri,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kabla ya adhana ya alfajiri kwa sababu usingizi umenikataa, na mke wangu amechoka kunisikia nikirudia jambo lile lile. Wewe unazijua taratibu zetu za kusini, kwa hiyo sina haja ya kukueleza mjomba ni nani kwa watoto wa dada yake, wala ni uzito gani anaoubeba mjomba pale mpwa anaposimama barazani, mbele ya wakwe waliokuja kwa jambo la heri, akatamka kwamba mjomba wake amekula gawio, yaani ile faida wanayogawiwa wenye hisa, la mali ya marehemu mama yake.

Nikueleze kwanza hizo hisa zilivyopatikana, ili usije ukadhani nilikurupuka. Dada yangu alifariki kabla hajalipwa korosho zake za ule msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na unakumbuka malipo yalivyosuasua. Fedha zilipoingia mwaka 2019, Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imekwishaniteua kuwa msimamizi wa mirathi na watoto wake wawili walikuwa bado wadogo. Ndugu walitaka tununue bati, wengine wakataka tuzigawane tu. Mimi nimekaa miaka mingi katika ofisi ya chama cha msingi, nimeona fedha za msimu zinavyoyeyuka kabla ya mvua za masika kwisha, na nilisema za watoto hawa hazitayeyuka. Nilikwenda kwa dalali wa hisa, nikanunua hisa 10,000 za benki ya CRDB wakati bei yake ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 150, ambayo ndiyo bei waliyouziwa wananchi mwaka 2009. Fedha iliyosalia nikaiweka katika hisa chache za benki ya NMB. Akaunti ya CDS, ile inayoandikwa hisa ni za nani, ilifunguliwa kwa jina langu kwa kuwa watoto walikuwa wadogo, na jambo hilo, ambalo kila mtu pale nyumbani alilijua na kulikubali, leo limegeuzwa kuwa ushahidi dhidi yangu.

Sasa sikiliza gawio lenyewe nililolila. Kwa mwaka wa hesabu wa 2023, CRDB ilitangaza gawio la shilingi 50 kwa kila hisa. Kijana akachukua simu yake, akazidisha 50 kwa 10,000, akapata shilingi 500,000. Akafungua daftari langu, ambalo halijawahi kufichwa na linakaa juu ya kabati la vyombo, akakuta nimeandika 475,000. Hakuuliza. Angeuliza, ningemwonyesha kwamba gawio la kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla halijaingia benki, na asilimia 5 ya 500,000 ni 25,000, wala haizidi hata senti. Badala yake alisubiri baraza lijae ndipo akasema kwamba elfu ishirini na tano imeliwa na kwamba hiyo ndiyo sababu mjomba hataki hisa ziuzwe. Ada ya mdogo wake, sare, na hata nauli yake mwenyewe ya kwenda chuo cha ufundi Mtwara, vyote vimeandikwa katika daftari hilo hilo kwa mkono huu huu, lakini kurasa hizo hakuzifungua.

Anachokitaka ni kuuza kila kitu na kununua hisa za kampuni ndogo ya nje inayotafuta madini, iliyoorodheshwa Australia, ambayo hisa yake moja ni senti chache za huko. Sababu yake ni kwamba magari ya watafiti yamepita vijiji vya upande wa Ruangwa, kwamba kinywe, yaani madini ya grafiti, kipo, na kwamba dunia inakihitaji kwa ajili ya betri. Yote hayo ni kweli, sibishani nayo. Ninachobishana nacho ni kuruka kutoka kwenye kinywe kilichomo ardhini hadi kwenye fedha iliyomo mfukoni. Nilimwomba anisomee taarifa ya mwaka ya kampuni hiyo katika simu yake, hasa sehemu ya mauzo, na mauzo hayakuwapo. Wanachoishi nacho ni kutoa hisa mpya kila fedha zinapokwisha, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya awali, hivyo fungu la aliyetangulia linazidi kuwa dogo ijapokuwa hajauza chochote. Kisha akanionyesha bei kwa fahari: wauzaji wanataka senti 2.4, wanunuzi wanatoa senti 2. Nikamwambia, mwanangu, ukinunua sasa hivi na ukalazimika kuuza kabla ya adhuhuri umepoteza sehemu moja ya sita ya fedha za mama yako, na bei haijashuka. Alinitazama kama mtu anayesubiri mzee amalize.

Kwetu sisi hilo ni sawa na kununua korosho zingali maua, ugonjwa wa ubwiriunga haujapita na salfa ya kuukinga haijanunuliwa. Wapo waliopata kwa njia hiyo, lakini ninawajua kwa majina wale waliokosa.

Kinachonisumbua ni kwamba hoja zake nyingine nashindwa kuzitupa. Ananiambia kwamba hata CRDB ilianza kwa shilingi 150, tena ikaanguka chini ya hapo, na ndipo mimi mwenyewe niliponunua, kwa hiyo iweje hisa ya bei ndogo iwe dhambi kwake na busara kwangu? Nilimjibu kwamba bei ya hisa moja peke yake haisemi kitu mpaka ujue hisa zote ni ngapi: NMB ina hisa milioni 500 na CRDB ina zaidi ya bilioni 2.6, kwa hiyo moja kuuzwa kwa bei kubwa kuliko nyingine hakumaanishi kwamba ile ya bei ndogo ni dhaifu. CRDB iliposhuka ilikuwa na matawi, wateja na mikopo inayorejeshwa, na mtu aliweza kuingia tawini akaiona kazi inafanyika. Akanitolea mfano wa Vodacom, ambayo iliuza hisa zake mwaka 2017 kwa shilingi 850 na baadaye bei ikashuka chini ya hapo, akasema ukubwa wa kampuni haumlindi mtu. Hapo nilinyamaza, kwa sababu amesema kweli. Ni kweli pia kwamba hata Dar es Salaam oda ya kuuza inaweza kukaa siku kadhaa bila mnunuzi. Wala simwoni kuwa mjinga. Ni mimi niliyemfundisha hesabu za asilimia, na ndiyo maana ile elfu ishirini na tano inaniuma zaidi.

Kilichomharibu, kwa maoni yangu, ni kikundi cha WhatsApp ambamo mtu asiyetaja jina lake kamili hutuma ujumbe wa sauti usiku akisema nunueni kesho kabla ya saa fulani. Nilimuuliza kama mtu huyo ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Akasema hayo ni mambo ya wazee. Mimi najiuliza, mtu anayejua kwamba kitu kitapanda kesho, kwa nini awaite watu mia wasiomjua waje kukinunua, isipokuwa yeye anazo nyingi na anatafuta wa kumwuzia?

Mke wangu anashauri tuhamishie fedha zote UTT, taasisi inayowekeza fedha za watu wengi kwa pamoja, katika Mfuko wa Umoja, ili zisimamiwe na watu wasio na undugu na yeyote na maneno yaishe. Shemeji yangu anasema nimpe kijana fungu lake aende nalo atakako, kwa kuwa umri wake umekwishatimia, na kwamba sina tena haki ya kulishikilia. Je, ni kweli, Mshauri, kwamba msimamizi wa mirathi halazimiki tu kutunza bali analazimika pia kukabidhi, hata pale anapoona kwa macho yake kwamba kinachokabidhiwa kitapotea? Nauliza hili kwa sababu mdogo wake yupo kidato cha tatu, na gawio ndilo linalomsomesha. Nikitoa fungu la kaka yake, gawio linalobaki halitatosha ada, na sitakubali binti wa dada yangu arudishwe nyumbani kwa ajili ya senti za Australia.

Siziuzi hizo hisa. Hilo nimekwishaamua. Lakini jana usiku niliwaza nimpe zote, zake na za mdogo wake, pamoja na daftari na akaunti, ili asiwepo mtu duniani wa kusema tena kwamba mjomba amekula. Kisha nikawaza nimpe sehemu ndogo tu akajaribu huko anakotaka, nami niweke kiasi kama hicho changu mwenyewe pembeni yake, kwa sababu kama kampuni ile itafanikiwa kweli sitaki isemwe kwamba mimi ndiye niliyewafungia mlango. Mke wangu aliposikia hilo la mwisho aliniuliza ni nani kati yetu aliyeingia kwenye kikundi cha WhatsApp, na sikuwa na jibu.

Wakwe watarudi baada ya mfungo, na baraza litakaa tena. Naomba unijibu kabla ya hapo mambo mawili: kama ninalazimika kumpa fungu lake, na kama inafaa nisome mbele ya wakwe taarifa ya dalali inayoonyesha ile kodi ya zuio, mstari kwa mstari, au nimwite kijana peke yake kwanza. Taarifa ninayo, imegongwa mhuri, na ile elfu ishirini na tano imeandikwa humo.

Mjomba,
Nachingwea, Lindi