Vizibo vya vyoo vyetu

Mhariri,

Nina jambo ambalo wakazi wa Tandale, Manzese na Keko hapa Dar es Salaam wanalijua vizuri, ila likitajwa kwenye mkutano wa mtaa kila mtu anaangalia chini: kutapisha vyoo.

Asiyejua nimweleze. Kwetu maji ya ardhini yako karibu, hivyo shimo halichimbwi refu. Choo kinainuliwa, unakipanda kwa ngazi. Ubavuni fundi huacha tundu lenye bomba na kizibo. Mvua kubwa ikishuka usiku, kizibo kinachomolewa. Asubuhi uchafu uko mferejini, watoto wanauruka kwenda shule, na muuza vitumbua kaweka jiko lake hatua tatu kutoka hapo. Msimu wa masika uliopita jirani alifungulia chake, ukaingia hadi barazani kwetu. Tulipomfuata akauliza, "Kwani imeanzia kwangu?" Tukanywea, maana mwenye nyumba wetu naye ana kizibo chake.

Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia jiji hili hili, kikasambaa mikoani, na watu zaidi ya 20,000 wakaugua. Tukahimizwa kuchemsha maji na kunawa mikono. Sawa, lakini wengi tunachota visima vilivyo jirani na mashimo hayo, na mkaa nao ni hela.

Bwana afya hupita, akaandika faini, akaondoka. Shimo linabaki limejaa. Gari la kunyonya haliingii vichochoroni, mpira wake haufiki, na bei ni ya tripu nzima hata kama uchafu wako haujazi nusu ya tangi. Wanaobaki ni vyura, vijana wanaozama shimoni na ndoo usiku, mikono mitupu, kisha wanafukia uchafu pale pale uani.

Pampu za mkono zipo na zimeshajaribiwa Dar es Salaam: zinavuta uchafu hadi kwenye mapipa, guta la pikipiki linabeba. Manispaa zetu ziweke walau moja kila mtaa, mwenye nyumba alipe kwa pipa. Na pawepo mahali pa kumwaga karibu. Kumtuma kijana na guta kutoka Tandale hadi mabwawa ya majitaka ya Vingunguti ni sawa na kumwambia akamwage Mto Ng'ombe unaopita hapa kwetu.

Pampu hizo zikifika Septemba, kabla ya vuli, faini nitaziunga mkono, hata ya mwenye nyumba wangu.

Mpangaji,
Tandale, Dar es Salaam