Asanteni kwa uji wa saa nne

Mhariri,

Shule zinafungwa, nami nawashukuru wazazi wenzangu wa kijijini kwetu, wilayani Kongwa. Elimu bila ada ilipoanza 2016, wengi tulidhani serikali italeta na chakula. Watoto walikwenda shule na njaa, wakasinzia darasani. Mwaka huu kila kaya ilitoa debe la mahindi, akina mama wakapokezana kupika uji. Binti yangu wa darasa la pili, aliyekuwa akiunganisha silabi kwa shida, sasa ananisomea vichwa vya habari vya gazeti hili! Walimu nao walibaki jioni kufundisha bila posho, hilo sitalisahau. Naiomba kamati ya shule ikusanye mahindi mara tu baada ya mavuno, kabla hayajaishia soko la Kibaigwa.

Mzazi,
Kongwa, Dodoma